Mafundo Tisa hadi London

Vijana wa kaunta, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Saa nimeitundika sebuleni. Inakwenda mbele dakika nne kila siku, na mke wangu anasema hiyo ndiyo adhabu yangu kwa kuwaharakisha watu miaka yote ile. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, kwa sababu nyingine mnazijua na nyingine hazina maana. Nitawaandikia juu ya uzi.

Niliingia kazini Kisii mjini miaka michache baada ya uhuru, katika duka la vitambaa la Bwana Kantilal. Upande wa kulia kulikuwa na majora ya khaki na vitambaa vya sare za shule. Upande wa kushoto, nyuma ya meza ndogo yenye mguu mmoja uliokatwa na kuwekewa tofali, ndipo tiketi za ndege zilipouzwa. Wateja walikuwa Wahindi wa mjini waliokwenda Bombay kuoa au kuzika, mapadri waliokwenda likizo kwao, na mmoja mmoja, vijana wetu waliopata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaona ndege iliyosimama. Zote nilizoziona zilikuwa zinapita.

Bwana Kantilal alinifanyia usaili huku akipima kitambaa.

"Jiografia najua?"

"Najua, bwana."

"Nairobi mpaka London, ngapi?"

Nilifikiri kidogo, nikasema, "Mbali sana."

Bwana Kantilal alirudi kwenye kitambaa chake, nami nikachukua kofia yangu niende. Lakini shemeji yake, mjane aitwaye Savita aliyekuwa akiiendesha meza ile ya tiketi, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Huyu hapana danganya," akasema. "Wacha yeye kaa."

Basi nikakaa. Siku ya kwanza Mama Savita alinipa vitu vitatu: kitabu cha ratiba za ndege, penseli, na uzi mweusi wenye mafundo. Juu ya meza alikuwa na tufe la dunia lililochujuka rangi, Afrika ikiwa imebaki ya manjano peke yake. Aliweka mwanzo wa uzi juu ya Nairobi, akauvuta mpaka London, akahesabu mafundo kwa ukucha. Kila fundo lilikuwa maili mia tano, na ndege za jeti za siku hizo zilikwenda kiasi hicho kwa saa moja. "Fundo moja, saa moja," akaniambia. Bombay ilikuwa mafundo matano na kitu. London yalikuwa manane na nusu.

Nilijiona nimeielewa kazi, hadi alipoutandaza uzi kutoka Bombay hadi Toronto nikaona unapita juu kabisa, karibu na barafu. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba amepotea njia. Kwenye ramani ya shule Toronto iko kushoto, na mtu huenda kushoto. Alinisukumia tufe na uzi, akaniacha nihangaike. Kila nilipoupitisha uzi njia yangu ya kushoto, ulinipungukia kwa mafundo kadhaa. Baada ya kitambo akasema, "Ndege hapana fuata karatasi." Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka na ramani zote zilizotundikwa ukutani.

Ugumu wa pili ulikuwa wa saa. Tiketi iliandikwa kwa saa za Kizungu, mteja alihesabu kwa saa zetu, na huko alikokwenda walikuwa na saa zao. Mama Savita alinifundisha kuandika mistari mitatu kwa penseli juu ya bahasha ya tiketi. Wa kwanza ni saa ya kuondoka, kwa hesabu yetu. Wa pili ni saa ya kufika, kwa hesabu ya huko. Wa tatu ni saa hiyohiyo ya kufika, lakini kwa hesabu ya hapa nyumbani. Nilimuuliza wa tatu ni wa nini, maana abiria atakuwa ameshaondoka. Akasema huo si wa abiria, ni wa wanaobaki, wajue wakati wa kuacha kuogopa.

Nilichelewa kuelewa maneno hayo. Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja kutoka Marani, mtoto wake anakwenda kusoma Marekani. Aliniuliza ndege ile itapita Marani saa ngapi. Nikachukua uzi, nikapima, nikamweleza kwa ufasaha kwamba ndege ya kwenda kaskazini kutoka Nairobi haipiti Marani hata kidogo. Alinishukuru akatoka. Mama Savita, ambaye alikuwa akisikia yote, aliniangalia mpaka nikaanza kujikuna.

"Yeye nauliza nini?" akasema.

"Ndege inapita wapi."

"Hapana. Yeye nataka simama nje, angalia juu. Nataka jua saa ya kusimama."

Nilitoka mbio nikampata yule mama karibu na soko, nikamwambia saa ya kutazama juu. Alisimama au hakusimama, sijui. Lakini nilianza kusikiliza maswali ya watu kwa namna nyingine.

Sasa niwaambie habari ya Kemunto, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwe karani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa Januari. Kemunto alikuwa binti wa Mzee Ombati, mkulima wa chai kutoka upande wa Nyamira na mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza, na hospitali ya huko ilikuwa imeshamtumia tiketi, ndege ya Ijumaa asubuhi. Nafasi ya kubadilisha siku haikuwapo. Wanafunzi wote wa kundi lile walipangiwa ndege ileile, na masomo yalianza Jumatatu.

Mzee Ombati alikuja dukani juma moja kabla, amevaa koti la kanisani, binti yake nyuma yake na bahasha mkononi. Mama Savita alikuwa Kisumu kwenye arusi, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na nilikuwa nimejaa ukarani.

"Karani," akasema, "mimi nauliza kitu moja tu. Hii ndege itamfikisha kabla ya jua kuzama, ama Sabato itamkuta njiani?"

Wasabato huianza Sabato yao jua linapozama Ijumaa. Tangu hapo hawafanyi kazi wala hawasafiri safari za dunia mpaka jua la Jumamosi lizame. Mimi ni Mkatoliki, na Jumapili yangu haijawahi kunidai saa kamili, lakini nilimheshimu. Nikavuta uzi. Mafundo manane na nusu, na saa nzima ya kutua katikati ya njia kutia mafuta, jumla saa tisa na nusu. Anaondoka saa tatu asubuhi, anafika saa kumi na mbili na nusu jioni ya kwetu. London wako nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwao ni saa tisa na nusu alasiri.

"Jua linazama saa moja kasoro," nikasema. "Atakuwa na saa tatu na zaidi. Atafika, ataoga, ataandaa chakula chake, na jua bado liko juu."

Mzee Ombati aliniangalia sana. Kisha akamwambia binti yake kwa Kigusii kwamba safari ipo. Kemunto hakuruka wala kulia. Aliishika meza yangu kwa mikono miwili, na mguu wa tofali ukayumba.

Jumatatu Mama Savita alirudi, akaanza kukagua nakala za bahasha nilizoziandika, kama desturi yake. Alipofika kwenye ile ya Kemunto aliona nimeongeza mstari wa nne: jua kuzama, saa moja kasoro. Akaniuliza nimeipata wapi hiyo.

"Jua linazama saa hiyo siku zote," nikamwambia.

Hakucheka. Alifungua mtoto wa meza akatoa barua ya binti yake aliyeolewa Leicester, akanisomea kwa kutafsiri polepole. Wajukuu wanatoka shuleni saa kumi jioni na nje ni giza. Taa za barabarani zinawashwa wakati sisi tunakunywa chai.

Ndugu zangu, mimi nilisoma majira manne ya mwaka shuleni, nikapata alama nzuri. Niliweza kuyataja kwa mfuatano. Lakini kwetu jua huamka na kulala kwa saa zilezile mwaka mzima, na haikunijia kwamba huko kwingine linaweza kwenda kulala alasiri. Nilikuwa nimempa mzee wa watu jua la Nyamira nikaliweka juu ya London. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Sasa?" nikamuuliza Mama Savita. Nakiri kwamba nilitaka aniambie ninyamaze. Binti angeondoka, na ambaye angejua ukweli ni yeye mwenyewe, akiwa tayari yuko huko.

"Sasa piga simu ya maandishi kwa mkubwa wa wauguzi," akasema. "Uliza jua. Halafu kesho kwenda kwa Mzee. Usingoje jibu. Jibu ikija, kwenda tena."

Pale posta karani wa simu za maandishi alikuwa jamaa yangu wa utani. Alisoma karatasi yangu mara mbili.

"Nyakundi, unawauliza Wazungu jua linazama saa ngapi?"

"Ndiyo."

"Na wakikuuliza hapa mvua inanyesha lini?"

"Waambie saa nane. Tuma."

Jumanne nilipanda basi hadi Nyamira, nikatembea kilima kizima. Nilimkuta Mzee Ombati shambani akichuma chai, na Kemunto mstari wa pili na kikapu mgongoni. Nilimsalimu, nikamwambia yote bila kuzunguka. Nilisema nimekosea, kwamba jua la huko mwezi huu linazama mapema, kwenye saa kumi, na kwamba ndege ikitua Sabato itakuwa mlangoni. Kabla binti hajamaliza kukaguliwa pasipoti jua litakuwa limekwisha.

Mzee aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha akarudi.

"Ulikuja kutoka Kisii kuniambia hii?"

"Ndiyo, Omogaka," nikasema, yaani mzee kwa Kigusii chetu.

"Umefanya vizuri. Haendi."

Hivyo tu. Akainama kwenye chai yake. Niliposhuka kilima Kemunto alinifuata hadi kwenye kisima, akatua kikapu.

"Ungenyamaza tu," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi ningejua la kufanya na Mungu wangu. Ni miaka miwili nangoja hiyo barua, karani."

Njiani kurudi nilijuta kusema, halafu nikajuta kujuta.

Jumatano saa nne asubuhi jibu lilifika. Nalikumbuka lote kwa sababu lilikuwa fupi: jua linazama Ijumaa saa kumi na dakika kumi, basi la hospitali litawapokea wasichana uwanjani, msimamizi wa wauguzi. Basi lilimaanisha hakuna kutafuta gari wala kulipa nauli siku ya Sabato, na hilo lilinifurahisha. Lakini bado angekuwa njiani. Mama Savita alichukua penseli akaandika mistari mitatu kama kawaida yake, safari hii si ya ndege, ya jua. Kwao, saa kumi na dakika kumi. Akaongeza saa tatu. Kwetu, saa moja na dakika kumi.

Tukatazamana. Hapa kwetu Januari jua huzama saa moja kasoro dakika tano hivi.

"Yeye Mzee nauliza nini?" Mama Savita akasema.

Ndipo nikalisikia swali la Mzee Ombati, siku tano baada ya yeye kuliuliza.

Kabla sijatoka Mama Savita aliukata uzi mpya mara mbili, akanipa kazi ya kufunga mafundo. Tulifunga tisa kwenye kila uzi. Nusu saa iliyobaki alisema tumwachie rubani. Nilifika Nyamira saa nane mchana, nikiwa na tope hadi magotini. Safari hii nilimkuta Mzee nyumbani, sebuleni, na mkewe, na Kemunto amesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa amejifunga leso kichwani. Sanduku lake lilikuwa limerudishwa juu ya kabati. Nililiona nikajifanya sikuliona.

"Mzee," nikasema, "jana nilikwambia jua la London. Leo nimekuja kukwambia jua la hapa. Ijumaa hapa mtafungua Sabato saa ngapi?"

"Unajua. Saa moja kasoro. Tunaimba, tunaomba."

"Na mnakaa mkiimba mpaka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Wakati mwingine zaidi, kama Mama Kemunto ndiye amechagua nyimbo."

Mama Kemunto akatabasamu chini.

"Huko jua likizama, hapa itakuwa saa moja na dakika kumi," nikasema. "Atakuwa ameketi kwenye basi la hospitali, hajaliita, halipi kitu, hachukui kitu. Sabato itamkuta njiani, sitakudanganya tena. Lakini haitamkuta peke yake. Itaingia kwake nyinyi mkiwa hapa mnaimba. Imepishana dakika kumi na tano."

Nilisikia kuku nje. Mama Kemunto alisema kitu kwa Kigusii, polepole, kwamba Sabato ni moja haina ya London na ya Nyamira. Mzee aliniomba nirudie hesabu, nikarudia. Akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama, kama vile saa ya Jumatano ingeweza kumwambia habari za Ijumaa.

"Mimi niliogopa kitu moja," akasema mwishowe. "Niliogopa hiyo jua imkute kati ya watu hajui, na hakuna mtu wa kuimba na yeye." Akaukunja mnyororo wa saa mkononi. "Dakika kumi na tano sio kitu. Hizo tutamngojea."

Kemunto aliingia jikoni. Tulisikia sufuria ikianguka, na hakuna aliyekwenda kuiokota.

Nikatoa zile nyuzi mbili. Nikawaeleza: moja ya baba, moja ya binti. Ndege ikiondoka Ijumaa saa tatu, kila saa kila mmoja afungue fundo moja, yeye huko juu, Mzee huku chini. Mzee aliushika ule uzi kwa vidole viwili, akauliza kama kufungua fundo kunahitaji kuwa na elimu. Nikamwambia hapana, kunahitaji kucha. Kisha akaweka sharti lake la mwisho: sanduku kubwa lisiguswe mpaka Jumapili. Biblia, nguo ya kulalia na ndizi za kuchemsha viwe kwenye mfuko mdogo. Nilisikia baadaye kwamba sanduku lilikaa stoo ya hospitali siku nzima, na wenzake wakadhani ni la marehemu.

Alhamisi Kemunto alipanda basi la Nairobi, safari iliyokula mchana kutwa. Nilipima siku hizo nikaona kwamba Kisii hadi Nairobi ilikuwa mafundo sawa na London, na vumbi zaidi. Ijumaa nilikuwa mezani kwangu, na kila saa ilipogonga nilimtazama Mama Savita, naye alinitazama. Saa moja na dakika kumi jioni nilikuwa nyumbani kwangu. Nilitoka nje nikasimama, nikaelekeza uso upande wa Nyamira. Mkatoliki wa watu, sikujua hata wimbo mmoja wao.

Barua ya Kemunto ilifika baada ya majuma matatu. Aliandika kwamba ndege ilichelewa dakika ishirini, kwamba jua la dirishani lilikuwa kama limekataa kushuka, likawa linawafuata saa nzima likiwa jekundu. Kwenye basi alifunga macho akaimba kimoyomoyo. Msichana wa Nyamache, huko kwetu, aliyekaa naye, ambaye hawakuwa wakijuana, alianza kuimba kwa sauti. Chini kabisa aliandika mstari mmoja wa kwangu: "Mwambieni karani sijakasirika."

Miaka ilikwenda. Majirani wengi wa Mama Savita walifunga maduka wakahamia Uingereza, nami ndiye niliyewapimia uzi. Yeye mwenyewe alibaki, akisema Leicester kuna giza mno. Ndege zikawa kubwa zaidi, ratiba zikaja zimechapwa vizuri, mengine mnayajua. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, asubuhi moja, Mzee Ombati aliingia dukani na koti lilelile la kanisani. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana aliyevaa viatu vyeupe, na beji ya muuguzi. Alikuwa ameajiriwa hospitali ya hapahapa.

Mzee hakuketi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa uzi mweusi uliochakaa, akauweka juu ya meza yangu. Ulikuwa na fundo moja.

"Siku ile nilifungua nane," akasema. "Hii ya tisa nilikataa. Niliona ndege ikifika London haijafika."

Akamsogezea binti yake. Kemunto aliinama juu ya meza, akatafuta kwa ukucha, na fundo lilikuwa limekaza kwa miaka yote ile. Mama Savita alimpa sindano. Tulingoja, sote wanne, na hakuna aliyetazama saa.